Kikohozi cha Bomba

Kho. Kho-kho. Kimya. Kho.

Giza la alfajiri lilikuwa bado zito. Nikapapasa kifua cha mwanangu wa miaka sita, ambaye kwa kusema kwake mtaa mzima unamwita Kasuku.

"Si mimi, mama. Ni bomba la jikoni linakohoa."

Kweli. Maji ya mgao yalikuwa yanarudi, yakisukuma hewa mbele yake. Bomba likatema, likatulia, likatiririka. Nami nikaketi wima kitandani. Hewa!

Siku hiyo saa nne chemchemi ya bustani ya mji ilikuwa ivunjwe. Ile ya kurusha maji juu, ambayo marehemu baba yangu alichimba mtaro wake. Ilikuwa kavu tangu barabara ilipokarabatiwa. Mkuu wetu sisi mafundi wa maji, Mzee Spana, alikuwa ameandika: pampu imekufa.

Nilimkuta bustanini, nami nimemshika Kasuku mkono, nyundo ziko tayari.

"Shikamoo, mzee. Chemchemi hii haijawahi kuwa na pampu."

"Marahaba, Mama Kasuku. Kumbe maji yalipanda kwa maombi?"

Mafundi wakaangua kicheko. Uso ukaniwaka moto, lakini sikunyamaza.

"Tangi liko juu kilimani, mzee. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni anasema maji hayasahau yalikotoka. Yashushe kwa bomba, yatataka kupanda karibu kimo kilekile. Watu wa kale walirusha chemchemi zao hivyo kabla injini haijazaliwa."

"Haya, msomi. Haya ya kwetu mbona yamesahau?"

"Yamezuiwa na hewa. Waliojenga kalavati la kupitisha maji ya mvua chini ya barabara walilipandisha bomba juu yake, likaota nundu. Hewa imejikalia humo kama mgeni asiyejua kuaga."

Akakuna kidevu. "Una mpaka saa nne. Kasuku abaki hapa, rehani."

Kalavatini nilichimba hadi nikaifikia nundu. Juu yake palikuwa na plagi ya chuma, kizibo cha kutolea hewa, imekazwa na kusahauliwa. Spana yangu iliteleza mara mbili, ikanichuna vidole. Mara ya tatu plagi ikalegea. Fssss! Pumzi ndefu, kikohozi, kisha maji usoni. Nikaikaza plagi, nikatimua mbio kurudi bustanini.

Chemchemi ilikohoa pia. Ikatema kutu, ikafika magotini, kiunoni, halafu ikapanda moja kwa moja kupita nguzo za taa. Nilisimama nimelowa chapachapa, nikawa kama namwona baba na jembe lake.

Mzee Spana alivua kofia. "Baba yako naye nilimcheka," akasema polepole. "Nilimwambia mtaro wake haufiki popote."

Wapita njia walikwisha kujaa. Mmoja akamshika mkono Mzee Spana. "Hongera, fundi! Umeifufua!"

Mzee alifungua kinywa ajibu, lakini Kasuku alimtangulia.

"Ameitengeneza mama yangu."