Ghorofa Nne za Julai

Mwanangu Abdulbasit alinigeuzia simu yake nisome mwenyewe. Ilikuwa imeandikwa kwamba mwezi mzuri wa kuzuru Mumbai ni Januari. Jua la wastani, mvua hakuna, jioni kijibaridi kidogo tu.

"Umeona, mama? Januari," akasema. "Tena Januari huku kwetu ni barafu tupu. Unaikimbia baridi, unamwona kitukuu chako, unarudi."

"Faiza anajifungua lini?"

"Si unajua? Mwanzo wa Julai."

"Na Julai simu yako inasemaje?"

Akasukuma kwa kidole. Julai ni mvua, wala si ile ya kunyesha ikapita. Barabara zinageuka mito, treni zinasimama. Mgeni mwenye akili zake, simu ilisema, auepuke mwezi ule.

"Basi nitakwenda Julai," nikasema, nikaendelea kuchambua mchele.

Faiza ni binti yake wa pekee, na mimi ndiye niliyemlea tangu mama yake alipofariki, mtoto bado yuko darasa la sita. Alisoma hapa hapa Minneapolis, akaolewa na kijana wa Kihindi aliyesoma naye chuo, kazi ikawapeleka kwa kina mume, Mumbai. Mama mkwe hana, naye alishatangulia mbele ya haki. Yaani mtoto azae mimba yake ya kwanza katika jiji la watu kama mchanga, asiwepo hata mwanamke mmoja wa kumkanda kwa maji moto, wa kumpikia uji wa pilipili manga, wa kumfunga mkaja tumbo likaze. Alipopiga simu hakuniomba kitu. Aliuliza tu, "Bibi, ule uji wa mzazi unatiwa nini tena?" Nikajua.

Sikugombana na Abdulbasit. Huyu ukimsukuma anakwama kama gari kwenye theluji. Anaendesha basi la hoteli, linalopeleka wageni uwanja wa ndege. Kila jioni akirudi nilimwekea chakula, nikangoja ashibe, kisha nikamwuliza, "Tiketi ya Julai umeshakata?" Bila hasira, kama mtu anayeomba chumvi.

Mwishowe akachoka.

"Mama, unadhani ni mvua tu? Faiza anakaa ghorofa ya nne. Maji yakijaa huko chini lifti inazimwa. Na wewe ngazi za humu ndani unazipanda umeng'ang'ania ukuta kama mjusi!"

"Kwa hiyo tatizo ni ngazi?"

"Ni ngazi, ni mvua, ni umri wako."

"Umri siwezi kuupunguza. Tuseme hizo ngazi."

Akacheka. "Haya. Ukipanda ghorofa nne bila kushika ukuta, nitakukatia ya Julai."

"Sema wallahi."

"Mama!"

"Sema."

Akasema.

Ilikuwa Machi, theluji kando ya barabara imekuwa nyeusi kama masizi. Nje hapatembeki, kwa hiyo nikawa nakwenda kwenye yale maduka makubwa ya Bloomington. Asubuhi mapema wazee hufunguliwa milango, wakazunguka humo kunyosha miguu kabla biashara haijaanza. Nilifuatana na jirani yangu Kerubo, Mkisii, ambaye kazi yake ni kutunza wazee usiku, na saa hizo ndiyo kwanza anatoka.

"Mama, ngazi za umeme zile pale," akaniambia siku ya kwanza. "Zinapanda zenyewe. Mungu ametuhurumia."

"Panda wewe. Tutakutana juu."

Akaja nami kwa miguu, analalamika njia nzima. "Nimeinua watu usiku kucha, sasa nijiinue na mimi!"

Siku hiyo nilifika katikati, magoti yakalia kama mlango usiotiwa mafuta. Mzungu mmoja mzee akasimama, akauliza kama aniitie msaada. Kerubo akamwambia huyu mama anajiandaa kwenda Mumbai.

"Aende Januari," mzee akasema. "Nimewahi kufika. Pazuri sana Januari."

Kerubo alicheka mpaka akakaa chini.

Miguu ilizoea upesi. Mikono ndiyo iliyokuwa mikaidi, kila hatua inautafuta ukuta. Nikaipa kazi: nikashika ncha za mtandio wangu kifuani, huku moja, huku moja, nikapanda hivyo Machi yote na Aprili.

Theluji ilipokwisha nikamwambia Abdulbasit, "Leo." Akanipeleka kwenye hoteli yake, kwenye ngazi za dharura ambazo hazina mtu. Kerubo akaja kuwa shahidi.

Ghorofa ya kwanza na ya pili nilipanda vizuri. Nilipofika ya tatu moyo ulikuwa unagonga kama mchi kwenye kinu. Nikakaa kwenye ngazi.

"Basi, mama," Abdulbasit akasema, kwa upole. "Umejitahidi. Januari."

"Nimeshika ukuta?"

"Hapana, lakini umekaa."

"Ulisema nisishike. Kukaa hukunikataza."

"Huyu angekuwa wakili," Kerubo akamwambia, "wewe ungekuwa jela."

Mwanangu hakucheka. Alikaa ngazi ya chini yangu, akaangalia viatu vyake. "Na ukianguka huko, mama? Mimi niko huku naendesha basi. Nitafika lini?"

Kumbe hata mvua haikuwa jambo.

Nikamwekea mkono begani. "Faiza alizaliwa mwezi gani?"

Akaanza kukaza kamba ya kiatu.

"Sema, mwanangu."

"Januari."

"Na Januari ndiyo mwezi mzuri wa kuja Minneapolis? Mimi natoka Mombasa na kandambili zangu! Dada zako wote walinambia ningoje Juni, kuna maua. Nani alinipigia simu analia, akasema, 'Mama, njoo sasa'?"

"Mimi."

"Ningekuja Juni, mkeo angekandwa na nani?"

Nikashika ncha za mtandio, nikainuka. Ukuta sikuugusa, wala bega lake. Ghorofa ya nne Kerubo akausukuma mlango, tukamshtua msafisha vyumba na mashuka yake. Abdulbasit alifika nyuma yetu anahema kuliko mimi. Kazi ya kukaa kwenye usukani.

Akatoa simu. Nikafikiri anatafuta hali ya hewa tena.

"Tukate ya mwisho wa Juni," akasema. "Upumzike kwanza kabla ya mtoto."

Alikata pale pale, amesimama. Kisha akampigia Faiza, akanipa.

"Bibi, Julai?" Faiza akasema. "Hapa Julai hata paka hatoki nje!"

"Mimi si paka. Nunua pilipili manga. Mkaja nakuja nao."

Nikamsikia anavuta kamasi.

"Na ndoo kubwa ya maji moto," nikaongeza. "Kama huna, niambie mapema, niitie kwenye sanduku."