Bolti Kumi za Kabera

Mume wangu Nasiri hupima bolti kwa vidole. Huiosha kwa mafuta ya taa, huipangusa, hufumba macho, kisha huizungushia nati mpya kwa ncha za vidole viwili, bila spana. Nati ikishuka mpaka chini bila kusita, bolti inarudi kwenye injini. Ikikwama katikati, hata kidogo, basi bolti imevutika, na ukiikaza tena itakatika siku usiyoijua. "Usiitazame, isikie," ndivyo alivyowaambia mafundi wote waliojifunza kwake, miaka thelathini na minane, kwanza mtaani Nyamirambo, sasa hapa uani kwetu Batsinda.

Jumanne ile pikapu ya Kabera ilikuwa uani, kichwa cha injini kimefunguliwa kwa sababu gasiketi iliungua. Kabera hubeba nyanya kutoka Kabuga, na mkewe Épiphanie hukaa mbele pamoja naye, mtoto mapajani. Bolti kumi za kichwa zilikuwa zimechomekwa kwenye kipande cha katoni chenye matundu kumi, kila moja mahali pake. Nasiri alizipima zote asubuhi.

"Zote nzima, Mama Shami," akaniambia. "Hana haja ya kununua mpya." Akaingia ndani kuswali adhuhuri.

Nikabaki nikikusanya matambara. Bolti zake nimeziosha tangu Shami wangu akiwa mgongoni. Siku hiyo nikachukua na ile nati, nizipime mwenyewe. Tangu Ramadhani nilikuwa namwona anashika glasi ya chai ya moto bila kushtuka, na daktari alishatueleza kwamba kisukari kimefika kwenye mishipa ya vidole. Nasiri aliniomba nisimwambie mtu.

Bolti tatu za kwanza, nati iliteleza vizuri. Ya nne ilizunguka mara tatu ikasimama. Nikaipangusa, nikajaribu tena, ikasimama palepale. Ya saba hivyo hivyo, na ya tisa. Nikasimamisha ya nne na ya kwanza juu ya kipande cha kioo, ubavu kwa ubavu. Ya nne ilizidi urefu kwa unene wa ukucha wangu, na shingo yake ilikuwa imekonda.

Nilifikiri ninunue mpya kwa siri, nizipake mafuta machafu zising'ae, nizichomeke kwenye matundu. Asingejua. Hapo ndipo moyo ulipouma: asingejua kweli! Halafu nikakumbuka kwamba atakayezikaza ni yeye, kwa mikono ileile. Bolti ikikatika, injini huzimika; na ikizimika kwenye mteremko, breki zinakuwa ngumu kama ukuta, na nyuma kuna shehena nzima ya nyanya.

Alipotoka, nilimwekea kigoda.

"Baba Shami, hii isikie tena."

"Nimeshaipima."

"Nifanyie mimi."

Akafumba macho. Nati ilizunguka mara tatu ikakwama. Vidole vyake viliendelea kuzunguka, vinateleza juu ya chuma, na yeye anatikisa kichwa taratibu, kama zamani akiridhika.

"Imeshuka yote. Iko sawa."

Akafumbua macho, akaiona nati iko juu.

"Ngapi?"

"Tatu."

"Na Épiphanie aliniuliza jana kama gari itakuwa salama, nikamwambia asiwe na wasiwasi."

Akaiweka bolti chini, polepole, kama yai. Nilimpangusa mafuta kwenye vidole, kimoja kimoja, ingawa alikuwa anaweza mwenyewe.

Kabera aliingia na kelele zake. "Muzehe! Gari iko tayari? Nyanya zangu zinaoza huko Kabuga!"

"Kanunue bolti mpya kumi," Nasiri akamwambia. "Na umwite Mugenzi aje akaze."

"Mugenzi? Si iko mwanafunzi yako huyo! Yewe, umekuwa bosi, hutaki tena kuchafuka?"

Nasiri akamnyooshea mikono yote miwili. "Vidole vyangu havisikii, Kabera."

Kwa Kabera, asiyesikia ni mtoto mkaidi. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Basi uvichape, muzehe! Chukua fimbo, vitasikia!"

Alicheka peke yake. Akanitazama mimi, akatazama ile mikono iliyokuwa bado imenyooshwa, na kicheko kikamwishia mdomoni. "Mbabarira, muzehe," akasema, akiomba radhi, akavua kofia. Kisha akaenda kununua bolti.

Mugenzi alifika saa tisa. Alifundishwa ufundi hapa hapa, sasa ana gereji yake na spana ya kipimo inayolia bolti ikikazwa vya kutosha. Nasiri alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, akimtajia mpangilio: anza katikati, nenda nje, rudi. Mugenzi alikuwa anaujua, lakini aliitikia kila mara, "Ndiyo, mwalimu."

Alipokwisha kukaza bolti tisa, Mugenzi akaja kwangu karibu na mlango, akaninong'oneza.

"Mama, nimwachie ya mwisho aikaze yeye? Mimi nitairudia baadaye, hataona."

Nikamtazama Nasiri. Alikuwa anaangalia injini, ametulia, hajui tunasemaje.

"Usimfanyie hivyo," nikasema. "Ikaze mwenyewe."