Akina Randerby wa Kandokando ya Ziwa

Siku mwanangu alipotangaza kwamba analitupa jina lake, nilipandwa na hasira hadi nikaunguza maharage.

"Mama, nachoka na hii jina," alisema. "Kila nikifika ku komine kuomba karatasi wanacheka, wananiuliza Randerby ni muzungu gani. Kesho ninaenda kuliondoa. Nibaki Niyonkuru tu."

Mtoto asiye na fadhila! Randerby alikuwa mkunga Mwingereza katika kambi yetu ya wakimbizi kule Tanzania. Huyu wangu alitanguliza miguu, na mama yule alihangaika naye tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kugusa hata maji. Kwetu Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la baba yake. Mimi nilimpa la mkunga, maana sikuwa na asante nyingine ya kutoa.

Nikamshtaki kwa mwenye jina. Mama Randerby sasa ana miaka themanini na mmoja, yuko kwao, na Kiswahili chake cha kambini bado anacho. Asubuhi ujumbe wake wa sauti ukaingia kwenye simu yangu.

"Mwache, Speciosa. Randerby ni kijiji tu, kanisa na nyumba tisa. Zamani mtu akihama pale, huko alikofika walimwita kwa jina la kijiji chake, ili ijulikane ametoka wapi. Hatukuwahi kuwa wengi. Kaka yangu tumemzika mwezi wa tatu, na mimi sikuzaa. Mimi ndiye wa mwisho. Jina hili nitaondoka nalo."

Nililia, kisha nikakasirika tena. Wa mwisho? Thubutu! Nikamsikilizisha mwanangu ujumbe ule, nikamtilia nauli mkononi.

"Iko wengine wenye hii jina, huku kandokando ya ziwa. Si wewe peke yako mama yule alikuzalisha. Uwatafute kwanza, komine haitakimbia."

Alinuna, lakini alikwenda, akifuata ufuko wa ziwa toka Gitaza mpaka Kabonga, siku tatu. Alirudi na sauti zao kwenye simu, kila mmoja akijitaja Randerby: msichana anayeanika ndagala, vile visamaki vya ziwani, huko Gitaza, wavuvi wawili wa Magara wasio na undugu wowote, mwalimu wa Kabonga, na wengine. Pamoja naye, kumi na mmoja. Sauti zote tukazituma Uingereza.

Mama Randerby alipiga simu papo hapo. "Speciosa, hawa wote ni ukoo gani? Baba yao ni nani?"

Kabla sijafungua mdomo, mwanangu akaninyang'anya simu.

"Kila mumoja na baba yake, bibi. Hata hatukujuana. Lakini ulisema hii jina inaonyesha mutu alitoka wapi. Sisi wote tulitoka mu mikono yako."

Tukamsikia akipenga kamasi na kuvuta kiti.

"Nirudishieni tangu mwanzo," alisema. "Anza na yule wa Gitaza. Polepole, mwanangu, nachukua kalamu."