Jina la Rudell Kwenye Kipaza Sauti

"Leo usinitaje," Rudell alimnong'oneza Alvester, kofia imemfunika hadi nyusi. "Nisalimie kwa macho tu, kaka. Jina langu likitoka kwenye kipaza sauti hicho, nimekwisha."

Alvester alicheka, akaahidi. Walikuwa wamekulia jengo moja, hapa Bronx kusini. Majira ya baridi yaliyopita Rudell alivua koti la ngozi la genge lake, Fahali Weusi, akalitia moto mbele yao, kisha akatorokea Newark kwa shangazi yake. Kundi lile mtu hatoki kwa kuaga. Waliapa kumuua, na wale hawaapi bure.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya Julai, saa tisa alasiri, naye amerudi kwa siri kwenye dansi ya uwanja wa mtaa. Egbert Mjamaika, mpiga santuri wetu, alikuwa ameshafungua kijimlango cha nguzo ya taa ya barabarani na kuunganisha nyaya zake, umeme wa serikali ukaingia kwenye spika zinazompita mtu kimo. Kila santuri alikuwa nayo mbili, na karatasi za majina za katikati amezibandua kwa maji ili washindani wasijue anapiga nini. Alikirudisha kipande kile kile cha ngoma, mara kwenye santuri hii, mara kwenye pacha wake, kisiishe. Vijana walijitupa chini wakazunguka juu ya viganja.

Kazi ya Alvester ilikuwa kutaja watu. Siku tano za wiki alipiga pasi mashuka ya hospitali, na msimamizi wake alimwita "wewe". Jumamosi alishika kipaza sauti, na yeyote aliyemtaja alitembea kifua mbele hadi Jumamosi nyingine. Kipaji alikuwa nacho, tusimnyime. Tena alijijua, na hapo ndipo palipokuwa na balaa.

Mdundo ukamkolea, mdomo ukatangulia akili:

"Egbert yuko mezani, moto uko uwanjani,
Rudell karudi nyumbani, nani kama yeye, nani!"

Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Rudell alisimama tuli akamtazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, alionekana mtu aliyechoka. Ulimi hauna mfupa, na spika zile husikika mitaa minne. Fahali Weusi walikuwa wakishinda kwenye ngazi za mtaa wa pili.

Alvester alikiziba kipaza sauti kwa kiganja, akampigia kelele akimbilie uzio wa nyuma. Rudell alijaribu. Lakini kwetu aliyetajwa huingia kati akacheza, ndiyo desturi, na watu waliommisi walimdaka kwa furaha, wakamkumbatia, wakamsukuma katikati ya duara. Alijinasua, wakamrudisha. Walidhani anaona haya.

Walikuja sita, makoti ya ngozi katika joto lile. Duara likapasuka. Gongo la kwanza lilimpata Rudell gotini, nasi sote tulisikia mfupa. Alvester alimrukia mwenye gongo, akampiga kipaza sauti kisogoni. Mnyororo ulimshukia mgongoni mara mbili, akala vumbi. Egbert alikuwa amejilaza juu ya masanduku yake ya santuri, na santuri ilicheza peke yake. Mkubwa wao, Leander, alimshika Rudell nywele kama anayetaka kumnong'oneza jambo, akamchoma kisu chini ya mbavu, akakichomoa, akamchoma tena, halafu tena.

Alikifuta kisu kwenye fulana ya Alvester.

"Ahsante kwa kutuita," alisema. Wakaondoka wakitembea, hawakukimbia.

Alvester alivua ile fulana akaigandamiza kwenye majeraha. Damu ilipita katikati ya vidole. Alimwomba msamaha, akamwomba asilale, akamwomba msamaha tena. Rudell alimshika kiganja kwa nguvu, kisha kwa nguvu kidogo, kisha hakumshika. Watu waliwazunguka. Alvester alimchukia kila mmoja wao, na zaidi alijichukia mwenyewe.

Ndipo alipomwona mama yake Rudell anavuka barabara. Alikuwa na ndara, mikono imejaa unga wa kukaangia kuku, anatweta kwa ngazi za ghorofa tano. Tangu baridi hajamtia mwanawe machoni. Alvester aliinuka, akapenya ule ukuta wa migongo, akamwahi ukingoni mwa barabara.

Mama alikuwa anacheka.

"Alvester, mwanangu, nimekusikia dirishani. Yuko wapi huyo mtoro wangu?"

Alvester alificha mikono nyuma. Mama aliinua visigino, akaanza kuchungulia juu ya bega lake.