Mbuzi wa Ntheo kwa Mota ya Posho

Mzee Mutinda akisema amesema, na siku hiyo alisema bila hata kuinua uso kutoka kwenye mota aliyokuwa ameifungua.

"Mbuzi wa ntheo mlete na hicho kigari chenu. Kikizima njiani, mgeuke na mbuzi wenu mrudi Kisumu Ndogo, tuongee tena mwakani."

Mwakani! Ndunge, binti yake, alikuwa palepale akisokota waya, na waya ukamkatikia mkononi. Ukitaka kuoa kwa Wakamba, unapeleka mbuzi watatu wa ntheo. Wasipopokewa, binti bado ni wa babake, hata mkae pamoja miaka ishirini na kuzaa timu ya mpira.

"Hiyo ni kitu kidogo, Mzee," alijibu Osewe, mchumba wake, na kifua akakitoa mbele. Wanaume, jamani.

Kigari chenyewe kilikuwa tuktuk ya mizigo inayotumia betri. Osewe, fundi wa kuchomelea vyuma, aliiunda fremu yake huko Kisumu Ndogo, Kibera, na Ndunge akaitia roho. Roho hiyo ilikuwa mota ya induksheni, ile isiyo na brashi wala sumaku, chuma na waya tu, waliyoing'oa kwenye mashine ya posho iliyokufa. Juu yake aliweka kontrola, kale kasanduku kanakoamua mota ipewe umeme kiasi gani na saa ngapi. Kontrola alikuwa ameitengeneza mwenyewe, kuanzia waya hadi maagizo yaliyo ndani. Mzee Mutinda hakutaka kuisikia. Kwake yeye, aliyefunga waya za mota upya pale Gatina kwa miaka thelathini, mota ya posho ilizaliwa kusaga mahindi, na ikae ilipofungwa bolti.

Na kuna jambo lingine lililomuuma Ndunge kuliko hilo. Mteja akiingia karakana na kumkuta amejaa grisi hadi viwiko, Mzee alikuwa akisema, "Huyu ananisaidia." Mota ikitoka imepona, ni "huyu ananisaidia." Miaka tisa sasa. Ndunge aliacha kujibu zamani, lakini kuumwa hakuacha.

Kwa hivyo walikubali masharti, tena kwa kicheko. Tuktuk ilikuwa imefanya kazi miezi minne bila kuzima. Ilibeba mawe, ikabeba maji, ikapanda mlima kutoka Kibera hadi kwa akina Ndunge, Kabiro, jua likiwa utosini.

Jumatano, siku tatu kabla ya sherehe, Anti Kaluki akawasili kutoka Kitui kuja kupika. Alikuwa anachambua mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi alipouliza, "Na utavaa nini huko chumbani ukiwangoja?"

"Chumbani? Anti, mimi nitakuja nao kwa tuktuk."

"Woi! Ujilete mwenyewe na mbuzi wako? Umekosa wa kukuoa?" Anti Kaluki alicheka hadi mahindi yakamwagika. "Wewe utakaa ndani mpaka uitwe. Hivyo ndivyo inavyokuwa."

Ndunge aliketi chini, pu! Hapo ndipo alipoliona kosa lake. Kila safari, miezi yote minne, alikuwa kando ya Osewe na kompyuta mapajani. Mota baridi ina adabu za mgeni wa siku ya kwanza. Ikishapata joto, chuma chake kinaupinga umeme zaidi, na zile nambari ambazo kontrola ilipewa asubuhi zinakuwa uongo mtupu. Nguvu inapungua, tuktuk inaanza kushtukashtuka mlimani. Yeye alikuwa akizirekebisha kwa kidole huku akipiga stori, hata hakujua tena kwamba anarekebisha. Watu waliisifu tuktuk, kumbe haikuwa imepanda mlima peke yake hata siku moja.

Alhamisi asubuhi alimwambia Osewe apande mlima bila yeye. Osewe alirudi akiisukuma, jasho linamtiririka, na wauza omena wa Kisumu Ndogo walimcheka mpaka wakashika mbavu.

"Imenikataa, Ndunge. Bila wewe haijui kitu. Si tumwambie mzee tutakuja na pickup?"

"Nani aambiwe? Baba? Jaribu uone."

Akakaa na kalamu. Aliandika jedwali, kila joto na nambari yake, mistari arobaini. Halikufua dafu. Betri ikishuka kidogo, jedwali linakosea, na mzigo ukiongezeka linakosea zaidi. Kufikia alasiri alikuwa amekasirika na kila kitu, hata na moshi wa jiko la Anti Kaluki.

"Anti, hayo makaa ni mabichi. Utajuaje yatachukua muda gani?"

"Nijue ya nini?" Anti Kaluki aliendelea kupepea. "Makaa ya Nairobi siyaamini. Naanza nikijua ni mabaya, halafu naangalia sufuria. Ikichemka sana natoa kaa, ikilala napepea. Yakiwa mazuri, asante Mungu."

Ndunge alimtazama. Akaitazama sufuria. Kisha akalichana lile jedwali vipande vipande na kumkumbatia Anti Kaluki, mwiko na yote.

"Huyu mtoto ana nini leo?" aliuliza Anti Kaluki.

Jioni ile aliiandika kontrola upya. Hakuiambia tena mota ina upinzani gani. Aliiambia: mimi sijui na wewe hujui, uko kati ya hapa na hapa, kwa hivyo ishi na wowote utakaokuja. Angalia mwendo wa gurudumu, hiyo ndiyo sufuria yako. Akapima marekebisho yake kwa hali mbaya kabisa, mota ikiwa imechemka, mzigo umejaa, betri imechoka, na akahakikisha hata hapo haiyumbi.

Bure hakuna. Ikiwa tupu, tuktuk sasa iliondoka polepole, bila ule mruko Osewe aliopenda kuwaringia nao watu wa boda.

"Imekuwa kama mzee wa kanisa," alilalamika Ijumaa.

"Si mzee wa kanisa hufika?"

Na kweli ilifika, Osewe akiwa peke yake na magunia sita ya mchanga. Walifurahi, lakini Ndunge hakulala vizuri. Magunia hayatembei. Mbuzi hutembea.

Jumamosi saa tano alikuwa chumbani Kabiro, amevalia gauni, mikono haina kazi. Simu ikalia. Alikuwa Risper, dadake Osewe.

"Ndunge! Uncle Oketch amepanda pia! Amekataa kutembea, na ana gunia la omena!"

"Na mbuzi?"

"Mmoja anataka kushuka! Mwingine amekula kofia ya..." Simu ikakatika.

Uncle Oketch peke yake ni magunia mawili. Ndunge alianza kuomba, na alikuwa bado anaomba aliposikia ule mvumo kwenye njia ya kupanda kwao. Ulikuja taratibu, ukakua, vigelegele vikaufunika. Wamefika! Aliruka juu, Anti Kaluki akalidaka gauni.

Lakini nje sauti ya babake ikakata shangwe. "Usizime. Kila mtu akae alipo." Hatua zake zikaizunguka tuktuk. "Ngai! Imeiva!" Alikuwa ameigusa mota kwa kiganja, kama alivyozigusa zote. "Sasa nami napanda. Tushuke hadi chini, tupande tena."

Kupanda tena? Mota ikiwa hivyo, na mzee juu? Ndunge alibana sikio ukutani. Akaisikia ikishuka, ikageuka, ikaanza kupanda. Pale karibu na bucha, mahali ilipozoea kushtuka, mvumo ulizama. Mbuzi wakalia, Uncle Oketch akapiga kelele kwamba wote wameegemea upande wake. Kidole cha Ndunge kilikwaruza chenyewe kwenye gauni, kikitafuta kompyuta.

Mvumo ukainuka peke yake. Ukatulia, ukapanda hadi mlangoni. Ndunge alicheka na kulia kwa pamoja, na hakujali poda.

"Nani alikuwa anairekebisha pale kwenye bucha?" babake aliuliza nje.

"Hakuna, Mzee," Osewe akajibu. "Mimi nimekanyaga tu. Mwenyewe si yuko ndani?"

Hatua zikaja hadi mlango wa chumba. Mzee Mutinda alisimama pale, kiganja chekundu, mdomo ukipigana na tabasamu.

"Fundi," alisema.

Ndunge aligeuka nyuma kuona ni fundi gani ameingia. Alikuwapo Anti Kaluki tu, tayari analia.

"Fundi, nakuita wewe. Toka nje uwaambie watu kama mbuzi hawa tuwapokee."

"Tuwapokee, Baba," alisema Ndunge, kisha akatoka nje akalisema tena, watu wote wasikie.