Ushuhuda wa Mzee Laban

Makosa yalianza na rangi. Asubuhi ile ya Ijumaa Laban alitia matone manane ya mkojo wake ndani ya kichupa chembamba chenye dawa ya buluu, kama alivyofundishwa hospitalini, akakishika kwa kibanio cha nguo juu ya jiko la mafuta ya taa mpaka kikachemka, akangoja. Dawa ile ina tabia zake. Sukari ikiwa nyingi mwilini, inageuka rangi ya tofali. Ikipungua inakuwa manjano, ikipungua zaidi, kijani, na isipokuwepo hata chembe inabaki buluu vile vile. Mwaka mzima Laban alikuwa ameona tofali, manjano na kijani. Siku hiyo ikabaki buluu.

"Jedida!" akamwita mkewe. "Njoo uone maajabu."

Jedida akaja na mwiko mkononi, akatazama. "Maajabu gani, Baba Kioko? Si ndiyo kazi ya sindano hiyo? Tangu Krismasi hujaruka hata siku moja."

Lau Laban angeyasikiliza maneno hayo, yasingekuwepo ya kusimulia. Lakini jioni ya siku hiyo hiyo palikuwa na mkutano wa injili katika kiwanja cha Kibarani, hapa Kilifi, na mhubiri mgeni kutoka bara alikuwa na sauti ya kuangusha makuti. Ulikuwa mwaka wa themanini na tano, watu wametoka katika ile njaa ya mahindi ya njano, wana hamu ya habari njema yoyote. Laban alikaa mstari wa mbele. Alikuwa mzee wa kanisa, mtunza ghala wa kiwanda cha korosho, mtu wa maneno machache, ambaye hata suruali ya kwendea chooni aliipiga pasi. Mhubiri akanguruma: "Nani ameponywa leo? Nani ameamka asubuhi akajikuta mzima?" Laban akaikumbuka ile buluu. Mkono ukapanda wenyewe. Jedida alimvuta shati, lakini alichelewa.

Ushuhuda wake uliwatoa watu machozi. Alieleza kiu, alivyokonda hadi mshipi ukaongezwa matundu matatu, sindano ya alfajiri na sindano ya magharibi. Kisha akaeleza buluu. Hakutia chumvi hata kidogo, wala hakudanganya. Aliamini kila neno. Kwa hiyo kesho yake hakujidunga, wala keshokutwa. Siku ya nne alimaliza nusu ya mtungi wa maji peke yake, akaenda uani mara kumi na moja, na kichupa kilipochemka kikatoa tofali kabisa, la kujengea.

Jedida hakumcheka. Aliitia sirinji ya kioo katika sufuria ndogo, akaichemsha, akaitoa chupa ya insulini katika kijungu cha mchanga wenye maji walimozoea kuipoza, akamwekea mumewe mezani.

"Jumapili utasimama uwaambie," akasema.

"Nitawaambia."

Jumapili ilipofika, akina mama wa kwaya walikuwa wameshamtungia wimbo, jina lake limo katika kiitikio. Haya, wewe ungesimamaje mbele ya wimbo wako mwenyewe uukane? Laban akanyamaza. Jumapili ya pili akanyamaza tena, na kunyamaza ni kama viatu vipya, siku za mwanzo tu ndizo zinazouma. Akaihama kliniki ya Kilifi. Dawa akawa anaifuata Malindi, na watu akiwaambia amekwenda kumwona shemeji.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemkosesha raha. Huyo ni Wangu, aliyeitwa Mama Nyakio kwa jina la bintiye, mjane aliyeuza mboga sokoni pale Kibarani, na alikuwa na ugonjwa ule ule. Miaka miwili alikaa na Laban kwenye benchi moja la kliniki, wakiulizana rangi kama watu wengine wanavyoulizana hali. Wangu hakuwa mtu wa kuburutwa na upepo. Baada ya mkutano alimwambia Laban usoni:

"Mzee Laban, nimesikia, na ninafurahi. Lakini mimi sina haraka. Nitakutazama miezi mitatu. Ukibaki mzima, na mimi naitupa sindano."

Laban akajiambia miezi mitatu ni mingi, atamwambia kabla haijaisha. Na kila jioni alipotoka kazini alipita mbele ya meza ya Wangu, amenyooka, amenawiri, shati limepigwa pasi, kwa sababu sindano ilikuwa inafanya kazi yake. Kila akipita alikuwa anashuhudia upya bila kufungua mdomo. Wangu alimtazama, akahesabu siku.

Jedida naye alihesabu. "Umeshamwambia Mama Nyakio?"

"Jumapili hii," akasema Laban, zikiwa zimebaki siku chache. "Baada ya ibada. Naapa."

Jumapili hiyo, alfajiri, Laban ndiyo kwanza amejidunga, uji unapoa mezani, hodi ikabishwa. Alikuwa Mchungaji Simeon, amevaa tai.

"Twende mapema, Mzee," akasema. "Leo wazee wote wa kanisa tunafunga mpaka ibada iishe. Tunaombea paa. Usiniambie umeshakula!"

Laban aliutazama uji. Aliyejidunga asipokula, sukari humshuka mpaka akili ikamtoka, na hilo alilijua kama jina lake. Lakini mtu aliyeponywa atakataaje kufunga, na kwa sababu gani?

"Bado, Mchungaji," akasema, akatoka.

Kwa kawaida Jedida alitembea na sukari imefungwa kwenye pindo la leso. Siku hiyo chama cha akina mama kilikuwa kinavaa sare mpya, gauni na kitambaa cha kichwa, leso marufuku. Aliikumbuka sukari akiwa ameshakaa kanisani, na uji wa mumewe umebaki mezani nyumbani.

Mambo yaliharibika wakati wa matangazo. Laban alisimama kuyasoma, jasho linamtiririka, akasoma tangazo la kwanza mara tatu. Kisha akacheka. Akamwambia mpiga ngoma kwamba magunia yake hayakufungwa vizuri na gari halitoki leo. Akashuka mimbarani akiyumba, akaenda kukaa kwenye benchi la akina mama, akamwegemea mke wa mchungaji. Loo! Watoto waliangua kicheko. Watu wazima hawakucheka.

Jedida alimkamata mumewe kwapani, akamburuta nje. Nyumba ya karibu ilikuwa ya Dena, Mgiriama mmoja mpole, na nyumba ya Dena ndiyo mangwe, mahali pa kunywea mnazi. Jedida alikuwa hajawahi kukanyaga pale.

"Sukari, Baba! Nipe sukari, mume wangu anakufa!"

"Sukari sina, mama," akasema Dena. "Nina mnazi umeshuka sasa hivi kutoka juu. Haujachacha, ni mtamu mtupu."

Jedida hakuuliza mara mbili. Akamnywesha kibuyu kizima. Baada ya muda Laban alifumbua macho vizuri, akajiona yupo kwenye benchi la walevi, kibuyu mkononi, mnazi kidevuni. Na ng'ambo ya ua wamesimama wazee watatu wa kanisa waliomfuata kumsaidia.

Kesi ilikaa baada ya wiki mbili, nyumbani kwa mchungaji. Wiki hizo mbili Laban hakupita njia ya sokoni. Alizunguka nyuma ya kiwanda, aibu imemjaa. Jedida alipomuuliza habari ya Mama Nyakio, alijibu: "Kesi kwanza."

Mchungaji Simeon hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha chai, akamwambia kwa upole: "Mzee Laban, ulionekana mangweni. Ulikunywa?"

Laban aliliwaza jambo hilo kwa utulivu, kama anavyowaza magunia ya ghalani. Akieleza kwa nini alikunywa, itabidi aeleze sindano; akieleza sindano, ushuhuda unaanguka, na wimbo, na barua ya mchungaji aliyoipeleka makao makuu kusimulia muujiza wa Kibarani. Mlevi hutubu, akasamehewa. Lakini aliyeponywa na hakupona, huyo kanisa halikuwa na utaratibu wake.

"Nilikunywa," akasema.

Wazee wakamtenga miezi mitatu, asishiriki meza ya Bwana, asikae benchi la wazee. Wakamwombea, wakampa mkono. Laban alitoka pale na, ni aibu kusema, alisikia nafuu.

Nafuu hiyo ilimfikisha kwa Wangu. Kesi imekwisha, hakuwa na kisingizio tena, akakata shauri kupita sokoni jioni ile ile. Saa kumi na mbili kasoro watu walikuwa wengi, wananunua mboga za usiku. Wangu hakuwa amesimama. Alikuwa amekaa kwenye kreti nyuma ya meza, jagi la maji miguuni, shingo imetoka mifupa. Alimuona Laban, akatabasamu kwa midomo iliyokauka.

"Karibu, Mzee. Nimesikia yaliyokupata. Usife moyo, pombe si kitu, mtu huiacha." Akanywa maji, akajaza tena, akanywa. "Gonjwa lile ndilo lisiloachika, na wewe Mungu alikuachisha. Hata mimi. Miezi mitatu iliisha ile wiki ya mkasa wako. Nikatupa chupa chooni, leo siku ya kumi na tatu."

Laban akamwinamia. "Unajionaje?"

"Kiu tu. Na kutapika kidogo. Ni ugonjwa unatoka."

Aliposema hivyo pumzi yake ikamfikia Laban, ina utamu wa matunda yaliyoiva yakapitiliza. Laban aliijua harufu hiyo. Wodini, mwaka wa kwanza wa ugonjwa wake, mtu wa kitanda cha pili alikuwa nayo siku mbili, na siku ya tatu kitanda kilikuwa kitupu.

"Mama Nyakio, rudi hospitali," akasema. "Leo. Sasa hivi."

Wangu akacheka, kicheko cha pumzi fupi. "Wewe uliyepona ndiye unayeniambia hivyo? Unaninyima?"

"Sikupona."

"Ni ule mnazi unaokusemesha, Mzee. Umevunjika moyo. Nenda ukapumzike."

Alijaribu tena, akaona maneno yake hayana thamani. Alikuwa ameyamaliza mwenyewe, ya kweli na ya uongo. Basi akageuka, akapita katikati ya watu karibu mbio mpaka nyumbani. Jedida alikuwa ameshaiweka sufuria jikoni, kwani ilikuwa saa ya sindano ya magharibi.

"Ibebe," akamwambia. "Ibebe vivyo hivyo, na chupa. Na uji wangu."

Jedida alimtazama mara moja tu. Akaibeba.

Sokoni Laban aligeuza kreti, akaketi mbele ya meza ya Wangu. Mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa akichagua nyanya, akaacha kuchagua. Laban alifungua vifungo vya shati moja baada ya jingine, akalipandisha. Tumbo lake lilikuwa na vitone, vingine vimefifia, vingine vya juzi, kimoja cha asubuhi ile. Alivuta dawa, akainua sirinji kwenye mwanga ili atoe hewa, akalibana tumbo kwa vidole viwili, akajidunga. Kisha akachukua uji, akaunywa mbele yao mpaka tone la mwisho.

Wangu alivitazama vile vitone kwa muda mrefu, kama mtu anayevihesabu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Niliacha siku nne tu. Siku nyingine zote nimejidunga."

"Kila jioni ulipopita hapa?"

"Kila jioni."

"Na kanisani?"

"Sukari ilishuka. Sikulewa."

Wangu aliliweka jagi mezani kwa kishindo. Maji yakamwagika kwenye sukuma wiki.

"Heri ungekuwa mlevi," akasema.

Alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Jedida alimshika upande mmoja. Laban akanyoosha mkono upande wa pili. Wangu aliutazama mkono ule, ndio uliopanda kiwanjani siku ile, kisha akaushika, kwa sababu upande huo hapakuwa na mwingine. Wakaenda hivyo mpaka barabarani, na mwenye gari la samaki akawapakia.

Hospitalini kichupa chake kilitoka tofali kabla hakijachemka sawasawa. Walimlaza, wakamtundikia maji ya mshipa. Daktari alisema wamechelewa, lakini si sana. Usiku huo ndio utakaosema. Muuguzi akaja na faili, akaketi pembeni ya kitanda, akaanza kuuliza. Jina, umri, mahali anapoishi. Wangu alijibu kwa kunong'ona.

"Na nani alikwambia uache dawa, mama?"

Wangu alifumba macho. Muuguzi akamtazama Jedida, na Jedida akaitazama sakafu.

"Mimi," akasema Laban kutoka miguuni pa kitanda.

Muuguzi akageuza kalamu kwake. "Jina?"

Laban akalitaja lote, polepole, na la baba yake, na kanisa lake pia. Muuguzi akaandika.