Dungu la Stephania

"Panda hiyo ikaze, dada," Cleophace alisema kutoka chini. "Kamera zao nzito."

Stephania aliikaza. Alizungusha kamba ya mgomba mara tatu kwenye kijiti chenye panda, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, akaivuta kwa meno. Dungu lilikuwa tayari: nguzo za mkaratusi, sakafu ya mabanzi, ubavu mmoja umezibwa kwa majani makavu ya migomba. Mahali alichagua mwenyewe. Upepo wa jioni ulishuka kutoka msituni, ukapita shambani, ukafika dunguni, ukaichukua harufu ya watu na kuitupa bondeni Kiruruma. Pongo, swala yule wa msituni, asingenusa kitu.

Shamba lenyewe lilikuwa hatua arobaini kutoka dunguni, kunde na matembele, nalo alilipanda yeye mvua za vuli zilipoanza. "Watakuja wageni wa kupiga picha," mdogo wake Cleophace alimwambia. "Panda wanachokipenda pongo, waje wenyewe. Wewe ndiye unayewajua."

Aliwajua kweli. Ukoo wao hauli pongo; huo ndio muziro wao tangu mababu, na mtoto wa ukoo akikutana naye njiani humpisha kama anavyompisha mkubwa. Kulikuwa na dume moja zee, linalochechemea mguu wa nyuma, ambalo Stephania alikuwa amelibatiza Baba Mdogo. Kila jioni alilima kidogo, akachuma majani ya kunde, akainua mkono juu na kuyarusha. Dume lilisogea. Kila wiki hatua moja zaidi.

Habari hiyo alimpa mtu mmoja tu. Ilikuwa wiki ya matanga ya mumewe, jikoni, moshi ukiwatoa machozi. "Nimempata baba mdogo mwingine," alimwambia Cleophace, "na huyu hanywi pombe ya rubisi." Wakacheka mpaka wafiwa wakachungulia.

Stephania alipoteremka dunguni, gari lilisimama kwenye mibuni. Akashuka kijana mwenye nguo za kijani ambazo bado zilikuwa na mikunjo ya dukani, begani mfuko mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Luqman, nina duka la mabati pale Kayanga. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza! Leseni ninayo lakini, usiogope." Akafungua mfuko. Ndani hamkuwa na kamera. "Eti Baba Mdogo hutoka saa ngapi?"

Stephania alimgeukia ndugu yake. Cleophace alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Umewapa na jina lake."

"Jina tu, dada." Hakuinua uso. "Anayechechemea ni rahisi kwa mtu anayejifunza. Tena amezeeka, mwaka huu haumalizi."

"Ni muziro wetu, Cleophace."

"Muziro ni kula. Mimi sitaonja hata mchuzi. Naonyesha tu."

"Na Yuda hakupigilia msumari hata mmoja."

Cleophace alicheka, kicheko kikavu. "Dada na katekisimu yake! Nenda nyumbani ukaweke ndizi jikoni. Kazi yako imekwisha, na umeifanya vizuri."

Hilo ndilo lililomchoma. Aliifanya vizuri.

Luqman alipanda dunguni. Mtutu wa bunduki ukalala kwenye ile panda, ukatulia kana kwamba ulipimiwa. Cleophace akapanda nyuma yake, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutazama.

Stephania alichukua jembe lake. Hakwenda nyumbani. Aliingia katikati ya kunde, akaligeuzia dungu mgongo, akaanza kulima kwa nguvu, akipiga mawe makusudi ili chuma kilie.

"Stephania!" Cleophace alinong'ona kwa ukali. Sasa hakumwita dada tena. "Toka hapo!"

Akazidi kulima. Kelele hizi zitamfukuza, alijiambia. Atasikia, atarudi.

Kisha ukingo wa msitu ukatikisika. Kilitokea kichwa, halafu shingo yenye madoa meupe, halafu ule mguu unaoburutwa. Ndipo Stephania alipoelewa alichokifanya. Kwa miezi mitatu, mlio wa jembe lile ulikuwa mwito wa chakula.

"Mama, sogea kidogo," sauti ya Luqman ilitoka juu, ya adabu, inatetemeka. "Tafadhali, mama."

Hakusogea. Dume lilikuja mpaka tuta la tatu, karibu kuliko siku zote, likamtazama. Stephania aliinama polepole, akaokota bonge la udongo la kumfukuzia, zito, lenye maji. Akalikamata barabara. Akainua mkono juu.

Baba Mdogo alisimamisha masikio, akapiga hatua moja mbele, akingoja majani.